Saa ya Wanawake

Jumatatu, 3 Machi

Goti tena. Nimekanyaga cherehani asubuhi nzima, kisha nikashindwa kuinuka kitini. Nikaishika meza kama mlevi. Bibi Mapazia akacheka kwanza, ndipo akaja kunishika mkono. Ndivyo alivyo huyu mwenzangu wa chumba cha kazi: yeye anashona mapazia, mimi sare za shule, na ukianguka anacheka, akishacheka anakuokota.

Jioni nikapita zahanati. Daktari karudia wimbo wake ule ule. Dawa za kumeza zinatuliza tu, goti linataka mazoezi, na zoezi la goti kama hili ni kuogelea. Kuogelea! Nikamwambia, daktari, mimi nina miaka arobaini na tisa. Akasema maji hayaulizi umri.

Bwawa lipo, nyuma ya ukumbi wa mtaa. Kila Jumamosi nasikia kelele za watoto. Alhamisi alasiri ni saa ya wanawake, tangazo liko getini miaka na miaka mpaka rangi imepauka. Sijawahi kumwona mwanamke wa rika langu akiingia pale. Au wanaingia kwa kujificha — kama tunavyofanya na kila kitu kizuri.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Baba Watoto wakati wa chai. Mume wangu ana duka la dawa pale kona, tena ni mjumbe wa kamati ya mtaa, hiyo inayosimamia ukumbi, bwawa, taa za barabarani na ugomvi wa majirani. Mtu wa watu. Hapandishi sauti hata siku moja.

Akaendelea kupaka siagi mkate wake mpaka pembeni kabisa. Halafu akauliza:

— Na nguo?

Si goti. Nguo!

Nikasema nitashona mwenyewe: mikono mirefu, suruali hadi chini ya magoti, na kisketi juu yake. Akatafuna. Akasema, basi nenda, nani kakukataza?

Nani kakukataza. Hilo si jibu la ndiyo. Ni mlango ulioegeshwa tu, upepo ukipita unajifunga, na hakuna wa kulaumiwa.

Jumatano, 5 Machi

Vazi limekwisha. Nimetumia masalio ya kitambaa cha sare za michezo, kile kinachovutika, bluu nzito yenye mstari mweupe ubavuni. Nimejitazama kwenye kioo: mwanafunzi wa darasa la saba aliyerudia madarasa mno.

Kitinda mimba wangu karudi kutoka chuoni akanikuta hivyo. Akaziba mdomo. Mama, si ungengoja niolewe kwanza? Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtoto niliyemnunulia simu ili awe wa kisasa!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia majini!

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitasahau. Tulikuwa wachache. Muuguzi mmoja wa zahanati, ndugu wawili wa kike wenye duka la viatu, na wengine nisiowajua. Anayefundisha wanamwita Mwalimu wa Maji. Mfupi, mnene, filimbi shingoni, sauti ya mnadani. Nilishika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili kama ng'ombe aliyegoma kuvuka. Akaja akasimama juu yangu:

— Mama, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Mimi sikuyavulia, mwalimu. Nimeyavalia!

Wakacheka wote, nami nikacheka, na katika kucheka mikono ikaachia. Nikazama. Nikanywa. Nikatoka nikikohoa kama injini mbovu. Akanikamata mgongoni akasema lala, lala kama uko kitandani kwako, kichwa nyuma, masikio ndani.

Masikio ndani.

Sijui nieleze vipi. Kimya. Hakuna aliyesema Mama. Hakuna aliyesema fundi, sare ya mwanangu tayari? Hakuna aliyeuliza kitu kiko wapi. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe, kama jirani niliyeishi naye miaka yote bila kubisha hodi. Na goti — goti halikuwepo! Kwa muda ule sikuwa na goti.

Nikatoka na njaa ya ajabu. Nikanunua karanga za kukaanga getini nikazila njiani, nywele zimelowa chini ya kitambaa. Mwanamke mtu mzima hali huku anatembea. Nilifundishwa hivyo na mama, naye alifundishwa na mama yake, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Zilikuwa tamu. Nililamba chumvi vidoleni.

Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama Wifi. Nikampungia. Hakupunga.

Ijumaa, 7 Machi

Kaja mapema, kabla hata sijafagia. Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alikufa mapema, yeye ndiye aliyemlea. Kwa hiyo akisema neno, mume wangu anakuwa na miaka sita.

— Wifi, nasikia unaoga na watu.

— Kuogelea, wifi.

— Maji ni maji. Na karanga barabarani juu yake! Watu watasemaje?

— Watu gani?

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua ni nini.

— Watu!

Hao watu sijawahi kuwaona. Nimewavalia nguo zisizo na umbo, nimewafungia mdomo, nimewakalia vizuri kwenye harusi na misiba nisije nikacheka kwa meno. Maisha yangu yote nawaandalia, na hawajaja hata siku moja kusema asante.

Haya nimeyaandika hapa. Kwake nilisema, karibu chai, wifi. Mwoga mimi!

Alhamisi, 13 Machi

Nimevuka! Si urefu, upana tu — lakini nimevuka kwa miguu yangu kupiga maji, bila kushikwa. Mwalimu wa Maji kapuliza filimbi kama refa. Muuguzi kanikumbatia, tumelowa wote chapachapa. Sikumbuki mara ya mwisho kukumbatiwa na mtu kwa kitu nilichofanya mimi, si kwa kitu kilichofanywa na mtoto wangu.

Goti limenyamaza leo ngazini.

Nyumbani nikamkuta Baba Watoto anavua viatu. Akasimulia kwamba mteja mmoja kamwambia dukani, mbele ya watu, mkeo siku hizi samaki. Alisimulia kama kichekesho. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikabaki na kicheko changu mkononi kama mtu aliyepewa chenji ya mwenzake.

Jumapili, 16 Machi

Nimekaa kizingitini napepeta mchele na hasira.

Baba Watoto kila jioni yuko kwa kinyozi, anacheza drafti. Anarudi anapotaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza amevaa nini. Siku za joto anaoga bombani nje na singlendi imepanda. Kile kitambi kinajulikana mtaa mzima! Watoto wanakisalimia. Mimi nimefunika mpaka kifundo cha mkono, ndani ya ukuta, mbele ya wanawake wenzangu, na eti ndiye ninayeonekana.

Miaka ishirini na mitano, mume wangu hajawahi kuniona magoti mchana. Sijui kama ni yeye asiyetazama au ni mimi ninayefunika. Tumeoana tukiwa wageni wa heshima, na heshima ikakaa kati yetu kama kiti cha tatu.

Lakini niseme haki. Baada ya chakula alileta dawa ya kuchua, akapiga goti sakafuni na suruali yake nzuri, akanichua goti taratibu, kama anayetafuta kitu. Mikono yake mizuri. Nikauliza:

— Unaona aibu nami?

— Mimi? Hapana.

— Basi nani?

— Ni watu, mama.

Na wewe! Nilitaka kusema, na wewe si mtu?

Alhamisi, 20 Machi

Geti limefungwa. Mnyororo na kufuli jipya. Karatasi: SAA YA WANAWAKE IMESITISHWA HADI ITAKAPOTANGAZWA TENA. KWA AMRI YA KAMATI.

Tulisimama pale na mifuko yetu kama abiria walioachwa. Mwalimu wa Maji hakuambiwa chochote. Pampu nzima, akasema, maji nimeyasafisha jana kwa mkono huu. Saa ya watoto ipo. Saa ya wanaume ipo. Ni yetu tu iliyopata ugonjwa.

Nikarudi nyumbani mbio — ndiyo, mbio, na goti langu. Nikamuuliza Baba Watoto. Akasema, ah, nilisikia, mambo ya usalama, sakafu inateleza. Sakafu inateleza kwa wanawake peke yao? Akasema kamati ina utaratibu wake. Akala vizuri. Akaongeza mboga.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimejua.

Katibu wa kamati alikuja kazini kupima shati. Mchangamfu, mtu wa maneno mengi. Nikiwa nampima mabega akasema:

— Shemeji, wewe ushukuru. Wanaume wanaojali hivi wamebaki wachache.

— Kujali vipi?

— Si yeye aliyeleta hoja ya bwawa! Alisema mama watoto goti bovu, anaogopa utateleza pale uvunjike. Sisi tukaona, kama ni hatari kwa mmoja ni hatari kwa wote. Hakuna aliyepinga.

Sikumbuki nilivyomaliza kumpima. Nimeandika shingo pahali pa kiuno. Alipoondoka nilimtazama Bibi Mapazia, nikingoja acheke. Hakucheka. Akazima cherehani yake, akavuta kiti, akakaa karibu yangu. Tukakaa.

Hakunikataza. Alisema nenda. Kisha akaenda akalifunga bwawa!

Jumapili, 23 Machi

Sijasema naye. Nimepika. Amekula. Ameuliza chumvi iko wapi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema. Nilimfuata dukani mchana, wakati hakuna wateja, nikageuza kile kibao cha mlangoni upande wa TUMEFUNGA.

— Katibu kaniambia.

Alikuwa anapanga chupa za dawa ya kikohozi. Akaendelea kuzipanga. Lebo zote zinatazama mbele.

— Ungeniambia tu usiende.

— Ungekwenda.

— Kwa hiyo ulijua nataka.

— Dada alikuja akakaa pale, kwenye kile kiti cha wagonjwa, asubuhi nzima. Akalia mbele ya wateja. Akasema hakunilea ili mke wangu awe maonyesho. Ningefanya nini?

— Ungemwambia mke wangu anaogelea.

— Nilitaka tusigombane, mama. Miaka yote hii hatujagombana.

Ni kweli. Watu wanatusifu kwa hilo. Na pale pale, kati ya pamba na sharubati, nikaelewa sababu, ikanitoka mdomoni kabla sijaipima:

— Hatujagombana kwa kuwa sijawahi kutaka kitu.

Akaacha chupa. Nikadhani atasema neno. Akasema yatapita, watu wakisahau nitaongea na kamati polepole, wewe tulia. Polepole! Nikamwambia Jumamosi kuna mkutano wa wakazi, nitasimama, nitaomba saa yetu. Rangi ikamtoka.

— Utaniaibisha.

Nikageuza kibao kikasoma KARIBU, nikatoka. Njiani nililia, kisha nikawa na hasira kwa kulia, kisha nikaona nalia huku natembea barabarani. Sijui kama hilo nalo ni mwiko. Pengine hilo linaruhusiwa. Mwanamke akilia watu wanapisha.

Jumatano, 26 Machi

Nimewaita wanawake wa bwawani chumba cha kazi. Tumekaa juu ya marobota ya vitambaa. Hasira ya kutosha kuchemsha maji! Kila mmoja ana lake. Mmoja anasema pale ndipo mgongo wake unapopona, mwingine anasema pale ndipo anapocheka. Nikauliza, nani atasimama Jumamosi?

Ghafla kila mtu ana kucha za kutazama. Muuguzi anasema mkubwa wake wa kazi ni rafiki wa mwenyekiti. Wale ndugu wawili wanasema wateja wao wa viatu ni hao hao wa kamati. Mwalimu wa Maji kaajiriwa na kamati, kinywa chake kina kufuli kuliko geti. Simama wewe, wakasema, wewe ni mke wa mjumbe, watakusikiliza. Kila mmoja analitaka bwawa. Hakuna anayetaka kuonekana akilitaka.

Niliwakasirikia. Bado nimewakasirikia. Halafu nakumbuka karibu chai, wifi.

Binti yangu alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Walipoondoka akauliza, lazima uwe wewe? Nikasema ningefurahi kama angekuwa mwingine. Nani? Akafikiri. Akaanza kunisaidia kukunja sare, na hajakunja sare tangu aanze chuo.

Baba Watoto siku hizi anatembea ndani ya nyumba kama aliyevaa viatu vya mtu.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika ukumbini. Daftari nilikuja nalo nikisoma hoja zangu, na sasa mvua imeangukia mabati kwa namna ambayo hakuna anayemsikia mwenzake. Mwenyekiti ameinua mikono: tungoje. Basi nangoja. Mwandiko utakuwa wa kuku.

Tulianza na taa za barabarani. Kisha mitaro. Watu waligombania mitaro kama urithi. Mume wangu yuko pale mbele, meza ya kamati, shati nililompigia pasi mwenyewe asubuhi, maana hasira ni hasira na shati ni shati. Wifi kakaa mstari wa kwanza na mkoba wake magotini. Mimi niko katikati, Bibi Mapazia kushoto kwangu, kulia kiti kisicho na mtu, mkoba wangu juu yake. Binti yangu kasimama nyuma, karibu na mlango.

Mwenyekiti akasema, bwawa, kuna mwenye neno? Nikasimama.

Nikasema, naomba saa yetu ya wanawake irudishwe.

— Sababu?

Sababu niliandaa. Iko hapa ukurasa wa nyuma, nimeipigia mstari: goti, daktari, mazoezi. Sababu nzuri, ya heshima. Wangetikisa vichwa wote — maskini, goti. Wangenihurumia, wangenirudishia bwawa kama dawa. Nikafungua kinywa kusema goti.

— Kwa sababu napenda, nikasema.

Mwenyekiti akasema, samahani?

— Napenda. Nikiwa majini nafurahi. Hakuna zaidi ya hapo. Wanaume wanacheza drafti kwa kinyozi, hatujawauliza drafti inaponya nini.

Hapo ndipo wakacheka. Wengine vizuri, wengine vibaya. Wifi akageuka akanitazama, na usoni mwake sikuona hasira. Ilikuwa hofu, kama mtu anayetazama mtoto amekaa ukingoni mwa paa. Sikutegemea. Ningependa awe na hasira tu, ingekuwa rahisi.

Kisha sauti ya mwanaume kutoka nyuma:

— Mumeo anajua?

Kicheko kikubwa zaidi. Wale ndugu wa duka la viatu wakasimama, mmoja kwanza, kisha wa pili kwa kuvutwa na mwenzake. Muuguzi akabaki anatazama viatu vyake. Nikasema:

— Muulizeni mwenyewe. Yuko mezani hapo. Anajua kuliko nyote.

Vichwa vyote vikageuka kwake. Katibu akafungua mdomo akaufunga. Mume wangu akavua miwani. Akaifuta kwa shati. Akaivaa. Akainuka nusu — na mvua ikaja, yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwaga changarawe juu ya bati.

Basi ndipo tulipo. Naona midomo, sisikii kitu. Bibi Mapazia ananifinya paja, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

Mume wangu ameondoka mezani. Mwenyekiti amemshika mkono kidogo, amejitoa. Anashuka. Wifi amenyoosha mkono apitapo — hakuuona, au ameuona akapita. Watu wanavuta magoti kumpisha. Wanadhani anakwenda mlangoni. Na mimi nilidhani anakwenda mlangoni.

Amesimama mwisho wa mstari wetu. Anasema kitu. Mvua imekimeza. Amesema tena, anaonyesha kile kiti kilicho kulia kwangu. Juu yake kuna mkoba wangu.

Ukumbi mzima unatazama. Anangoja, mikono imening'inia, kama mgeni aliyebisha hodi.

Mkoba sijauondoa.